Msimbo Chanzo ni Upi?

Mhakiki wa maandishi haridhiki na chapa ya kitabu pekee. Huutafuta mswada, kwa sababu chapa humwonyesha matokeo tu, ilhali mswada humwonyesha jinsi kazi ilivyotungwa. Tatizo linalofanana na hilo huwakabili wafungashaji wa programu huria, yaani programu ambazo kila mtu ana ruhusa ya kuzitumia, kuzichunguza, kuzibadili na kuzigawa. Ruhusa hiyo haina maana iwapo mpokeaji hapewi msimbo chanzo. Lakini msimbo chanzo ni upi?

Jibu mashuhuri limo katika leseni ya GNU GPL, toleo la 2, la mwaka 1991. Kwa mujibu wa leseni hiyo, msimbo chanzo ni lile umbo la kazi linalopendelewa wakati wa kuifanyia marekebisho. Ubora wa fasili hii ni kwamba haitaji lugha yoyote ya kompyuta, wala haidai kuwa kila kinachosomeka ni chanzo. Kigezo chake ni utendaji wa mtungaji.

Wapo wanaodai kuwa maandishi yoyote yanayoonekana yanatosha. Dai hili ni dhaifu. Programu za JavaScript mara nyingi hubanwa kabla ya kusambazwa: nafasi huondolewa na majina hufupishwa hadi kuwa herufi mojamoja. Kila herufi huonekana, lakini hakuna mtungaji anayeyarekebisha maandishi ya namna hiyo.

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni ule wa tafsiri. Tafsiri za programu nyingi huria, zikiwemo za Kiswahili, huandikwa katika faili za PO, ambamo sentensi ya asili hufuatwa na tafsiri yake, na mfasiri huweza kueleza kwa nini ameteua istilahi fulani. Faili hiyo hugeuzwa kuwa MO, ambayo husomwa na mashine. MO yaweza kurudishwa kuwa PO, na maneno yote yakaonekana tena. Lakini maelezo ya mfasiri hayarudi. Anayepewa MO peke yake amepewa istilahi bila hoja zake.

Jumuiya ya Debian ilipoweka miongozo yake mwaka 1997, ilisharti kila programu iambatane na msimbo chanzo. Wako wanaoona kuwa kulichunguza sharti hili faili kwa faili ni kuwabebesha wafungashaji mzigo bure. Tukio la mwaka 2024 linawakanusha. Katika matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya programu ya xz, furushi lililotolewa kwa wafungashaji lilikuwa na hati ya ujenzi isiyokuwamo katika hazina ya wazi ya mradi, na hati hiyo ndiyo iliyofungulia mlango wa siri. Andres Freund aliugundua mlango huo baada ya kushuku kuchelewa kwa takriban nusu sekunde katika kuingia kwenye mashine. Furushi lilidhaniwa kuwa chanzo, kumbe halikulingana na kile ambacho watu waliweza kukichunguza.

Hata hivyo, yafaa tuepuke ukali usio na mantiki. Picha iliyopigwa kwa kamera haina umbo jingine la awali zaidi ya faili yake. Vilevile, mtungaji aliyepoteza mswada wake kwa kweli hawezi kudaiwa asichokuwa nacho. Kile anachokirekebisha sasa ndicho chanzo. Kinachokatazwa ni kubaki na umbo bora na kuwagawia wengine lililo duni.

Kwa maoni yetu, basi, mfungashaji hana budi kujiuliza swali moja: mtungaji mwenyewe akitaka kusahihisha kosa kesho, atafungua faili ipi? Hiyo ndiyo impasayo kila mpokeaji, na kutokana nayo furushi lijengwe upya. Bila hivyo, uhuru tunaoutangaza utakuwa wa kutazama tu.