Blogu Yatosha Kuwa Tovuti ya Shule

Mwanzoni mwa mwaka huu mama mmoja wa Koboko, jirani yetu, alitaka kujua vitu ambavyo mtoto wake angepaswa kuja navyo, maana alikuwa amechaguliwa kuingia kidato cha kwanza katika shule hii. Mwanawe mkubwa akafungua tovuti ya shule katika simu. Je, waliona nini? Waliona picha ya timu yetu imeshika kombe, tena kombe la miaka miwili nyuma. Chini yake habari za kuja kwa Askofu, na chini yake mpira tena. Orodha ya vitu ilikuwamo, nami nasema hivi kwa kuwa niliiona kwa macho yangu, lakini ilikuwa imezama kama jiwe kisimani. Mama yule akapanda gari, akaja Arua, mwendo wa zaidi ya kilomita 50, akapewa karatasi moja, akarudi kwake. Nauli ile ingemnunulia mtoto madaftari.

Wenzangu walipoisikia habari hii walisema kosa ni la programu. Tovuti yetu imejengwa kwa WordPress, nayo, wasema wao, ni chombo cha kuandikia blogu, si cha kuendeshea mambo ya shule nzima. Hata katika mkutano wa wanafunzi wa zamani neno hili lilitajwa, na mabwana kadha wa kadha walikuwa tayari kuchanga fedha ili aitwe fundi wa Kampala atujengee “tovuti ya kweli”. Mabwana wetu, kwa heshima zote, ngojeni kwanza.

Ni kweli ya kuwa WordPress ilipotolewa mwaka 2003 kazi yake ilikuwa blogu tu. Blogu ni kama shajara ya mtu: ya leo hukaa juu, ya jana hushuka. Lakini tangu mwaka 2005 programu hiyo ina vitu viwili mbalimbali, yaani habari na kurasa. Habari ina tarehe yake, nayo husukumwa chini kila ijapo mpya. Ukurasa hukaa mahali pake mpaka mtu aubadilishe. Tena mna mahali pa kuchagua kama mgeni akibisha hodi aonyeshwe habari za karibuni au ukurasa mmoja wa kudumu. Siku hizi kiasi cha tovuti nne katika kila kumi duniani huendeshwa kwa programu hiyo, zikiwamo za vyuo vikuu na magazeti makubwa. Sijui kwa nini shule moja ya West Nile iishinde.

Basi aliyetujengea tovuti hakuligusa chaguo hilo. Karo, orodha, fomu na mpira, vyote viliandikwa kama habari, mfano wa karani anayebandika ratiba na matangazo ya michezo juu ya ubao mmoja, karatasi juu ya karatasi. Kwa ruhusa ya mwalimu wa kompyuta, watatu kati yetu tuliiweka WordPress katika kompyuta moja ya darasani, bila intaneti wala gharama, kwa sababu programu yenyewe ni ya bure. Jumamosi mbili mchana zilitosha kutengeneza kurasa tisa, na orodha ile tukaipa mahali pake mbele. Jumamosi ya kwanza umeme ulikatika mara mbili, la sivyo tungemaliza mapema.

Jambo nililolipenda zaidi ni vyeo vyake. Mchangiaji huweza kuandika lakini hawezi kuchapisha. Mhariri husoma, husahihisha, kisha hutoa. Ndivyo hasa gazeti hili linavyofanya kazi! Wanafunzi wa kila kidato wangeweza kuandika, na mwalimu mmoja akapitisha. Tungekuwa na kurasa za Kiswahili pia, kwa ajili ya wazazi wa Ariwara na Aru, ng’ambo ya mpaka wa Kongo, ambao Kiingereza chetu hakiwafai kitu.

Najua wako watakaosema Facebook yatosha. Hao nawakumbusha Januari 2021, serikali ilipoifunga Facebook kabla ya uchaguzi, nayo ikabaki imefungwa miaka baadaye. Haidhuru, siku zile intaneti yote ilizimwa kwa muda, na tovuti isingeokoa mtu. Lakini intaneti iliporudi, mwenye tovuti yake alirudi nyumbani kwake, na mwenye Facebook alisimama nje ya mlango wa mwenzake.

Sisemi ya kuwa chombo hiki hakina hatari. Programu isipofanywa upya mara kwa mara, wezi huingia. Alama za mitihani na hesabu ya karo ya kila mtoto zisiwekwe humo hata kidogo. Hizo zina vitabu vyake ofisini. Na tabu iliyo kubwa kuliko zote kwetu si ya programu: neno la siri analo mtu mmoja tu, yule aliyetujengea, na simu yake haipatikani.

Kwa hiyo, wanafunzi wa zamani, fedha mlizokusudia kumpa fundi zitumieni kulipia jina linaloishia kwa .sc.ug, ambalo ni la shule za Uganda, na mahali pa kuihifadhi tovuti, vyote viandikwe kwa jina la shule. Sisi wa kidato cha sita twaondoka mwisho wa mwaka. Vijana wawili wa kidato cha tatu wamekwisha kuanza kujifunza, nao huja darasani kila Jumamosi baada ya kufua. Kurasa zetu tisa zingali katika kompyuta ile ya pili kutoka dirishani, na yeyote kati yenu apitaye Arua aweza kuja kuziona.