Wacheni kuniandikia C:/Users

Wasee wa data, tuongee ukweli. Skripti ikianza na setwd("C:/Users/Brayo/Desktop/kazi mpya") hiyo si skripti ya kundi, ni ya Brayo. Kwa laptopu yangu hakuna Brayo. Kwa ile ya mhadhiri pia hakuna.

Mwaka wa 2017 Jenny Bryan, mtu anayeheshimika sana na watu wa R, aliandika kwamba ukianza skripti hivyo atakuja ofisini kwako achome kompyuta yako. Kuna walioona amezidi. Mimi naona alikuwa mpole.

Angalia kazi za kundi huko chuo. Watu watano, kila mmoja anaongeza setwd yake. Mwishowe juu ya skripti kuna mistari mitano, minne imezimwa kwa alama ya reli. Usiku wa kuamkia kuwasilisha, yule ambaye skripti inakubali kwa mashine yake ndiye anafanya kila kitu. Wengine wanaandika majina kwa ukurasa wa kwanza, halafu wanaomba wasiulizwe swali.

Na ile "faili haipatikani" ndiyo afadhali. Kibaya ni ikikubali. Njia inaelekeza Downloads, na Downloads bado iko na data.csv ya wiki jana, kabla hamjatoa majibu yaliyojirudia. Skripti inaenda fiti, grafu inatoka safi, lakini nambari zako na za wenzako haziingiani. Hapo mtatafutana, manze.

Weka kila kitu kwa folda moja ya mradi, na njia ianzie hapo: "data/kaya.csv". Ukimwelekeza mgeni unaanzia steji, huanzii kitandani kwako. Kwa R, fungua kama projekti ya RStudio, utumie pakiti ya here. Kwa Python, pathlib inakuja na lugha yenyewe tangu toleo la 3.4, Path(__file__) inakuambia skripti iko wapi, unahesabu kutoka hapo.

Halafu hiyo mikwaju. Ukikopi njia ya Windows vile ilivyo, "C:\Users" inagoma kwa R na Python zote, kwa sababu \U inasomwa kama mwanzo wa herufi maalum. Tumia / tu, hata Windows inaielewa. Na mwenye Linux kwenye kundi atawaambia Data.csv na data.csv ni faili mbili tofauti. Hasumbui, ni ukweli.

Kuna wanaosema data yao ni kubwa, inakaa kwa diski ya nje. Hiyo naikubali. Basi njia iandikwe mahali pamoja, kwa kafaili ka mipangilio ambako kila mtu anajaza kwake, na kasitumwe kwa wengine. Lakini CSV ya megabaiti mbili, na bado unaiacha Desktop? Hapo sikuelewi.