Mashine na Mgonjwa Asiyerudi Kliniki

Mgonjwa wa Kilwa Masoko aliyezibuliwa mshipa wa moyo katika Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete (JKCI), Dar es Salaam, hurejea kwake umbali wa kilometa zipatazo 300. Je, ataishi miaka mingapi? Mashine zinazojifunza kutokana na takwimu zimeanza kujibu swali hilo, na wenzangu wengi wanazishangilia. Nami ninazikaribisha, lakini kwa sharti.

Mwaka 2021 jarida la The Lancet lilichapisha mfumo uitwao PRAISE. Ulifundishwa kwa kumbukumbu za wagonjwa 19,826, nao hutumia vigezo 25, vikiwemo umri, hali ya figo, wingi wa damu na nguvu ya moyo kusukuma damu, kukadiria hatari ya kifo, shambulio jingine au kutokwa na damu katika mwaka wa kwanza. Ni kazi nzuri. Hata hivyo, sisi hatumo. Hata GRACE, kipimo cha zamani tunachokitegemea wodini, kilitokana na wagonjwa wa nchi 14 ambazo hakuna hata moja ya Afrika.

Watasema basi tuifundishe mashine kwa mafaili yetu. Hapo ndipo penye shaka yangu. Tuseme mvuvi wa Songo Songo amewekewa stenti, akaruhusiwa, kisha hakuonekana tena. Huenda ni mzima na yuko baharini. Huenda alizikwa miezi mitatu baadaye, dawa zilipomwishia. Katika faili hali zote mbili huonekana sawa: nafasi tupu. Tukimwondoa, wanaobaki ni wakazi wa mjini wenye nauli na bima, na mashine itajifunza kwamba wagonjwa wetu huishi kuliko ilivyo kweli. Tukimhesabu kuwa hai, kosa linazidi. Hakuna hesabu iwezayo kurejesha kifo ambacho hakikuandikwa.

Isitoshe, PRAISE huuliza dawa alizoandikiwa mgonjwa, haiulizi kama zitamfikia. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ya Dar es Salaam hadi Lindi ilikatika maeneo ya Somanga, magari yakakwama kwa siku kadhaa. Mwenye stenti mpya akikosa dawa za kuzuia damu kuganda kwa siku hizo, yumo hatarini, hata kama umri wake ni mdogo na figo zake ni safi.

Ninachopendekeza hakina fahari ya kitaalamu. Kila anayeruhusiwa aache namba za simu za ndugu wawili na jina la zahanati ya kijijini kwake. Muuguzi apige simu baada ya mwezi mmoja, miezi sita, kisha kila mwaka. Akiambiwa mgonjwa amefariki, aandike tarehe na aulize kama dawa zilikuwa zimekwisha. Kabla ya kazi hiyo kufanyika, namba ya mashine isitumike kumnyima mtu wa Kivinje rufaa.