Kiboko tunapita tu
Kule Kyoto, wageni wachache hulipa wakae na mwenyeji awaonyeshe jinsi chai inavyoandaliwa. Wanachonunua hasa ni muda wake. Sasa njoo Kiboko, Makueni. SGR, iliyoanza kubeba abiria 2017, haina stesheni hapa; unashuka Emali au Kibwezi, halafu matatu. Wa barabarani husimama dakika kumi, maembe kwenye buti, twende Mombasa. Hata Hunter's Lodge imebeba jina la mwindaji mzungu, J.A. Hunter, si la Mkamba yeyote. Utamaduni upo, hilo si swali. Swali ni pesa: kijana wa hapa akituzungusha nusu siku, mtoni, shambani, kwa susu anayesuka kiondo, tutamlipa kama gaidi wa kweli au tutamwachia soda?