Ukali Hauvushi Lori

Foleni ya malori ikirefuka Malaba, tiba inayopendekezwa huwa moja: atoke mkubwa Nairobi, afike na kamera, awagombeze maafisa mbele ya madereva, kisha atangaze kwamba fulani na fulani wahamishwe kabla jua halijatua. Vibandani watu humsifu, wakisema huyo ndiye meneja. Malori hutembea siku chache. Foleni ikirudi, waliopiga makofi huanza kutafuta bosi mwingine, mkali kuliko wa kwanza.

Imani kwamba msimamizi bora ni yule anayeogopwa tumeilea tangu ofisi ya mwalimu mkuu hadi wizarani. Tunaitaja hata misibani tunapomsifu marehemu: akiingia ofisini, kila mtu ananyamaza. Naipinga imani hiyo, na sihitaji kwenda mbali kutafuta ushahidi. Upo hapa mpakani, Busia na Malaba, ambako hofu tunayoiita dawa ya foleni ndiyo inayoizaa.

Tuitazame kazi yenyewe. Kabla ya vituo vya pamoja, lori lilisimama mara mbili, upande wa Kenya na upande wa Uganda, na kila upande ulikuwa na foleni yake. Sasa lori linalotoka Mombasa, likiwa limetembea zaidi ya kilomita 900, linapita upande wetu na kusimama upande wa Uganda tu, ambako maafisa wa nchi zote mbili wamo katika jengo moja. Linalotoka Uganda linasimama kwetu. Marais Uhuru Kenyatta na Yoweri Museveni walikizindua kituo cha Busia mwezi wa Februari 2018, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshatunga sheria ya vituo hivi mwaka 2016. Kwa hiyo Mkenya anafanya kazi yake ya kila siku kwenye ardhi ya Uganda, na Mganda kwenye ardhi ya Kenya. Ndani ya jengo kuna watu wa mamlaka ya mapato, KRA, wa Uhamiaji, wa shirika la viwango, KEBS, wa ukaguzi wa mimea, KEPHIS, wa afya, polisi, na wenzao wa Uganda. Kila mmoja ana mkubwa wake, Nairobi au Kampala.

Sasa bosi mkali amkaripie nani? Meneja wa forodha anaweza kumfokea afisa wake. Mkaguzi wa mimea si wake. Afisa wa mamlaka ya mapato ya Uganda, URA, aliyekaa meza ya pili, hana hata haja ya kugeuka. Lori la nafaka linahitaji idhini za watu ambao hakuna mkubwa mmoja anayeweza kuwaamuru wote, na linapovuka haraka, mara nyingi ni kwa sababu mtu fulani alinyanyuka, akamwendea mwenzake na kumaliza jambo kwa maneno mawili. Hiyo ndiyo kazi ya meneja katika taasisi za siku hizi, na si mpakani tu. Hospitali ya kaunti ni hivyo. Kiwanda cha sukari ni hivyo. Kazi imekatwa vipande, na kila kipande kimepewa idara. Anayetakiwa ni mtu wa kuviunganisha pale ambapo mamlaka ya kila mmoja yanakoma. Pale yanapokoma mamlaka, ukali nao unakoma.

Lakini ubaya wa ukali hauishii kwenye kushindwa kufika meza ya pili. Unaharibu hata meza ya kwanza. Mfikirie afisa kijana mwenye lori mbele yake. Hati zote zipo, ila jina la bidhaa moja limeandikwa tofauti kidogo kwenye ankara na kwenye tamko la forodha. Anaweza kuliachilia kwa kutumia akili na kanuni, au kulizuia akingoja jibu kutoka juu. Akiliachilia, na baadaye ikaonekana kasoro, jina lake ndilo lililo kwenye mfumo. Yeye ndiye atakayeandika maelezo, yeye ndiye atakayehamishwa. Akilizuia siku mbili, nani atamwuliza? Hasara ya siku mbili inamwangukia mwenye mali, na dereva anayelala kwenye kabini, na mnunuzi anayengoja Mbale au Kampala. Yeye haimgusi. Ongeza bosi wa kutisha juu ya hali hiyo, na afisa mwenye busara atazuia malori mengi zaidi. Kila idhini inakuwa hatari, kila kuchelewesha kunakuwa kinga. Ni nadra mno mtu kuadhibiwa kwa kuzuia. Wanaoadhibiwa ni walioruhusu. Kisha tunashangaa foleni imefika wapi.

Wachuuzi wadogo wanaionja hofu hiyo kabla ya wenye malori. Utaratibu uliorahisishwa wa biashara unamruhusu mwenye bidhaa za Afrika Mashariki zilizo kwenye orodha, thamani yake isizidi dola 2,000, kuvuka kwa cheti chepesi cha asili bila kutozwa ushuru wa forodha. Utaratibu huo ulitungwa kwa ajili ya mama wa nyanya na maharagwe. Lakini afisa anayeogopa kukosea humdai karatasi moja zaidi, na nyingine, na kumwambia arudi kesho. Nyanya haijui kesho. Mama anachukua njia ya panya, na huko anakutana na watu wanaomtoza wanavyotaka, wanaomnyang'anya, wanaomdhalilisha. Kwenye takwimu za ofisini atahesabiwa kuwa mfanya magendo. Hili linanikera kuliko foleni yote ya malori, kwa sababu lori lina kampuni ya kulisemea na mama huyu hana.

Wapo wanaosema mameneja wote hawahitajiki tena, mfumo wa kompyuta umechukua nafasi yao. Ni kweli tamko la forodha linafanywa kabla lori halijafika, na sili ya kielektroniki inaonyesha lilipo njiani. Mtandao ukilala saa nane usiku, mfumo huo hausemi nani aamue kutumia karatasi. Tuendelee.

Machi 2021 tulipata somo ambalo hatujalisoma vizuri. Tarehe 5 mwezi huo, mamlaka ya kilimo na chakula iliandika barua Nairobi kusimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Uganda na Tanzania, kwa sababu ya sumukuvu. Hatari ilikuwa ya kweli, wala sitaki mtu aichukulie kimchezo: mwaka 2004 sumukuvu ya mahindi iliua watu 125 huku Kenya, wengi wao Makueni na Kitui. Lakini barua ilipofika mpakani, malori yalikuwa yameshapakiwa, mengine yameshafika. Siku tano baadaye marufuku ikageuzwa kuwa masharti: mwagizaji asajiliwe, awe na cheti cha asili, mahindi yathibitishwe kuwa sumu yake haizidi sehemu 10 kwa bilioni. Masharti hayo yalikuwa ya busara. Yangeweza kuwa ndani ya barua ya kwanza, lau aliyeiandika angewauliza kwanza wanaokaa Busia na Malaba: kesho asubuhi lori la kwanza likifika, tufanye nini? Amri kali ilitoka haraka. Uongozi ulikuja siku tano nyuma yake, na katika siku hizo tano hakuna afisa wa mpakani ambaye angethubutu kuamua lolote kwa akili yake.

Januari mwaka uliofuata ikawa zamu ya upande wa pili. Uganda iliamuru kila anayeingia apimwe korona mpakani, madereva wakiwemo, kwa dola 30, hata mwenye cheti kilichotolewa Kenya. Madereva wakagoma. Foleni ikarudi nyuma ikiifuata barabara ya Bungoma, na muda si muda Uganda ikakosa mafuta, bei zikapaa. Nakumbuka kelele za wakati ule: polisi wako wapi, wakubwa wako wapi, kwa nini hakuna anayewatia adabu madereva hawa? Polisi wangefanya nini? Kilichoyafanya magurudumu yazunguke tena ni mazungumzo na kulegezwa kwa masharti. Vyeti vya nchi moja vitambuliwe na nyingine: jambo la watu wachache kukaa mezani, na lingeweza kukamilishwa kabla amri haijaanza kutumika, kwa sababu shida ya vipimo ilikuwa imeshalaza madereva kwenye barabara hiyo hiyo mwaka 2020.

Kila nikisema haya, mtu hunijibu kwa jina moja: Michuki. Februari 2004 John Michuki, akiwa waziri wa uchukuzi, alizinyoosha matatu za nchi nzima, na mpaka leo tunamtaja kama ushahidi kwamba Mkenya anahitaji kutishwa. Tunakumbuka uso wake na kusahau kazi yake. Masharti yake yalikuwa machache na ya wazi: mikanda, kidhibiti mwendo, mstari wa manjano, sare, abiria wasizidi viti. Dereva wa Busia na wa Mombasa walijua kitu kimoja, abiria naye alikijua na aliweza kumkumbusha dereva. Konstebo hakuhitaji kumpigia mtu simu. Sheria iliyo wazi kiasi hicho inampa mdogo nguvu ya kuamua. Bosi mkali wa kawaida hufanya kinyume: hunyang'anya nguvu hiyo na kuiweka mfukoni mwake, kisha analalamika kwamba kila jambo linaletwa kwake.

Mazoea haya yana asili. Amri ya kipande ya mwaka 1915, iliyoanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza, ilimlazimu mwanamume Mwafrika kuanzia miaka 16 abebe kumbukumbu ya kazi na mshahara wake, na bila sahihi ya mwajiri ya kumwachilia hakuweza kwenda kuajiriwa kwingine. Mnyapara alisimama juu ya watu shambani, na kazi yake ilikuwa kuhakikisha migongo imeinama. Kwa kulima mistari ya katani huenda alitosha. Kazi ya kuamua, ya kupima hatari, ya kuelewana na mtu wa taasisi nyingine, mgongo ulioinama hauifanyi. Mmarekani W. Edwards Deming, aliyekwenda kuwafundisha wenye viwanda wa Japani mwaka 1950, aliiweka kanuni ya kufukuza hofu kazini miongoni mwa kanuni zake 14, na alishikilia kwamba makosa mengi yanatokana na mpangilio wa kazi ambao wenye dhamana nao ni mameneja wenyewe.

Ila hatuna haja ya kwenda Japani. Hapa Busia ndipo biashara ya kuvusha abiria kwa baiskeli, iliyozaa bodaboda, ilipoanza miaka ya 1960, na tangu hapo watu wa mpakani wamejipangia kazi bila kuteuliwa na yeyote. Mtazame mwenyekiti wa steji ya bodaboda. Hana barua ya uteuzi. Anajua zamu ni ya nani, nani pikipiki yake ni ya mkopo, nani amefiwa na anahitaji mchango. Mwenzao akikamatwa na askari wa kaunti, yeye ndiye anayekwenda kuuliza kosa ni lipi. Watu wenye ulemavu wanaovusha mizigo kwa baiskeli zao za magurudumu matatu nao wana vikundi na viongozi wao, na wamedumu katika biashara hiyo miaka na miaka. Wapo wenyeviti wanaokula michango, na wakigundulika huondolewa. Lakini yule anayebaki, anabaki kwa sababu kazi inakwenda vizuri akiwepo. Yeye ni meneja kamili, ingawa hatujawahi kumwita hivyo.

Utaniuliza: na rushwa je? Tukiondoa ukali, si watakula mpaka mifupa? Mwizi apelekwe mahakamani kwa ushahidi, na hilo ni jukumu la tume ya kupambana na rushwa, EACC, na waendesha mashtaka. Kuhusu ukali, fikiria chai inauzwa kwa bei gani na kwa nini. Bidhaa inayouzwa ni muda. Dereva analipa ili asingoje. Bosi anayewatia watu hofu anarefusha kungoja, na hivyo anaipandisha bei ya chai hata kama yeye mwenyewe hajawahi kuigusa. Na uhamisho wa hasira, unaotangazwa mbele ya kamera, unaondoa mwizi mmoja pengine, pamoja na maafisa watano waliokuwa wamechukua miezi kujenga urafiki wa kikazi na wenzao wa upande wa pili. Wageni wanaokuja badala yao wanaanza upya, wakiwa tayari wameshaonyeshwa yanayowapata wanaothubutu.

Kwa hiyo mkubwa atakapokuja tena, wanahabari wa Busia na Malaba wasimpe kipaza sauti cha kufokea watu. Wamwulize: zamu ya usiku, mtandao ukilala, nani hapa ana mamlaka ya kuamua, na namba yake ya simu imebandikwa ukuta gani? Afisa aliyeachilia mzigo kwa kufuata kanuni, kisha ikaonekana amekosea, nani alisimama upande wake? Wakuu wa pande mbili walikutana lini mara ya mwisho bila kusukumwa na dharura? Mama wa nyanya alipoambiwa arudi kesho, nani aliandika kwamba ameambiwa hivyo? Mkubwa akijibu kwa kutaja majina ya waliohamishwa, swali lirudiwe.