Mafuta au Unga?

Mpwa wangu aliyelowea Marekani ameniandikia: "Mjomba, shikamoo. Nitie mafuta gani katika magurudumu ya kigari cha mbao cha mjukuu wako?"

Wengine watacheka. Mimi sikucheka. Tulipokuwa watoto, tukitoka chuoni alasiri, tulichonga vigari, magurudumu tukayakata kwenye champali kuukuu, na misumari tukaipaka mafuta ya nazi tuliyoyaiba jikoni. Siku ya kwanza vilikwenda mbio. Siku ya pili vilikuwa vimezoa mchanga wa mtaa mzima, magurudumu yakilia kama paka.

Huko kwao mchezo huu una kanuni. Aliyeuanzisha ni Don Murphy, mwaka 1953, katika mji wa Manhattan Beach, California, kwa ajili ya watoto wa skauti. Mtoto hupewa kipande cha msonobari, misumari 4 na magurudumu 4 ya plastiki. Gari lisizidi aunsi 5, kama gramu 142. Halina injini, huachiwa mteremkoni likashuka lenyewe. Basi siri kubwa imo pale msumari unapokutana na gurudumu.

Shauri langu ni unga wa grafiti. Ndiyo ile ile iliyomo ndani ya kalamu ya risasi, ambayo, wasomaji wangu, haina risasi hata chembe. Ni jina tu. Grafiti imekaa tabaka juu ya tabaka, na tabaka hizo huteleza zenyewe kwa zenyewe. Haizoi vumbi kama mafuta, wala haidondoki njiani ikawaharibia wenziwe. Ndiyo maana mashindano mengi hayakubali mafuta ya maji. Sikatai kuwa tone moja la mafuta mepesi laweza kushinda panaporuhusiwa. Lakini kuvichanganya viwili hivyo ni kufanya tope.

Lililonichoma ni neno moja katika barua ile. Ameandika "nitie", hakuandika "atie". Nasikia huko akina baba hushindana wao kwa wao, wenye gari wamesimama wakitazama.

Nimemjibu: mpe mtoto msasa laini, aisugue misumari mwenyewe mpaka ing'are, hasa chini ya kichwa penye vinundu. Aifute, anyunyize unga, azungushe gurudumu mpaka vidole viwe vyeusi. Nawe kaa kando, mikono mfukoni.

Jawabu yake bado sijaipata.