Ni ugonjwa, ao ni dawa? Tuulize mbele ya kuacha

Kila mutu wa machimbo anajua habari hii. Kijana anapanda kutoka shimoni na homa. Ananunua vidonge kwa muchuuzi anayepita na kikapu, anameza siku mbili. Siku ya tatu kichwa kinazunguka, chakula kinamurudia. Wenzake wanamuambia: "Acha hiyo dawa, itakuua." Anaacha, anashuka tena shimoni. Nyuma ya wiki mbili homa inarudi, na muchuuzi anamuuzia vidonge vya rangi ingine. Mwishoni wanamubeba juu ya pikipiki mpaka Kasongo ao Kabambare-centre, na munganga anauliza: "Alimeza dawa gani? Siku ngapi?" Watu wanaangaliana. Hakuna anayejua.

Kile kizunguzungu kilitoka wapi? Pengine ni dawa. Pengine ni ugonjwa wenyewe, ambao haukupimwa. Pengine ni njaa tu, juu vidonge vilimezwa na tumbo tupu. Hapo ndipo wengi wetu tunapotea. Tunafikiri kila kitu kinachokuja nyuma ya dawa kimeletwa na dawa.

Leo tunataka kusema neno moja kwa wachimbaji na jamaa zao, na kwa wanganga vilevile: mugonjwa asiache dawa mbele ya kuuliza, na munganga asitoe dawa mbele ya kupima na kueleza. Mambo hayo mawili ni kama miguu miwili. Mguu mumoja peke yake hautembei.

Mufano hauko mbali. Uko kwa jirani zetu wa Tunda, katika teritware ya Kibombo. Kuanzia mwezi wa 10 mwaka wa 2022, taasisi ya utafiti ya Kinshasa, INRB, inayoongozwa na Profesa Jean-Jacques Muyembe, pamoja na taasisi ya Marekani NIAID, walijaribu dawa inayoitwa tekovirimati kwa wagonjwa wa mpox. Walifanya hivyo Tunda, na pia Kole kule Sankuru. Watu 597 waliingia, wakubwa kwa watoto. Waligawanywa kwa bahati nasibu. Wengine walipewa vidonge vyenye dawa. Wengine walipewa vidonge vinavyofanana navyo lakini havina dawa ndani. Hivyo vinaitwa plasebo. Mugonjwa hakujua amepata kipi, hata munganga aliyemutunza hakujua. Wote walilazwa siku 14 ao zaidi, na wote walitunzwa sawasawa: chakula, maji, kutunza vidonda, kutibu magonjwa mengine yaliyoingia humo.

Matokeo yalitangazwa tarehe 15 Agosti 2024, siku moja nyuma ya OMS kusema mpox ni hatari kwa dunia nzima. Dawa haikufanya vidonda vipone haraka kuliko plasebo. Lakini kuna mambo mengine mawili ndani ya matokeo hayo ambayo yanatuhusu sisi watu wa machimbo.

La kwanza: masumbuko kama maumivu na kutapika yalionekana karibu sawasawa pande zote mbili. Ndiyo kusema mutu anaweza kumeza kidonge kisicho na dawa hata kidogo, na bado akaumwa kichwa. Yeye si muongo. Maumivu ni ya kweli, lakini yametoka kwa ugonjwa, kwa uchovu ao kwa woga. Kama pale Tunda kusingekuwa na wale wa plasebo, watu wangesema ni dawa. Na kinyume chake ni kweli vilevile: wagonjwa wengi walipona bila dawa ile. Ndiyo maana muchuuzi wa kikapu anasifiwa sana. Homa ingine ilikuwa itaisha yenyewe, yeye anachukua sifa na feza.

La pili: kati ya wagonjwa 100 waliotunzwa pale, waliokufa hawakufika 2, ilikuwa 1.7. Kwa kawaida, katika inchi yetu, aina ile ya mpox inaua 3.6 kwa 100 ao zaidi. Wale wa dawa na wale wa plasebo wote walifaidika. Kilichowasaidia ni kulazwa na kuangaliwa vizuri: kitanda, maji, chakula na mutu wa kukuangalia kila siku. Kwa hiyo mutu anayesema "nitajitibu hapa hapa kambini" anajinyima kitu ambacho kidonge hakiwezi kumupa.

Tunajua kuna watu watasema: utafiti ni kutufanya panya. Hatutaki kuwacheka. Woga huo una sababu, na wazee wetu hawakuuota. Tuangalie ugonjwa wa malale, ule wengine wanaita ugonjwa wa usingizi, ambao Maniema inaujua tangu zamani. Mwaka wa 1906, munganga Mjerumani Robert Koch alitumia dawa yenye sumu ya aseniki kwa wagonjwa wa malale kwenye visiwa vya Sese, Uganda, na kuna wagonjwa waliopofuka macho. Nyuma yake ilikuja melarsoproli, nayo ya aseniki, ambayo ilitumiwa miaka mingi hapa Kongo. Sindano yake ilichoma kama moto ndani ya mushipa. Kati ya wagonjwa 100, watu 5 mpaka 10 walipatwa na shida ya ubongo, na karibu nusu ya hao walikufa. Wakati ule kama mutu alisema "dawa inaua," alikuwa anasema kweli.

Lakini angalia nini iliondoa dawa ile. Haikuondolewa na watu waliokimbilia porini. Iliondolewa na wagonjwa na wanganga waliokubali kupima dawa ingine kwa utaratibu, kuhesabu na kuandika. Munganga Mukongomani Victor Kande na wenzake walijaribu feksinidazoli, dawa ya vidonge, kwa wagonjwa 394 wa Kongo na wa Afrika ya Kati. Inchi yetu iliipokea rasmi mwezi wa 12 mwaka wa 2018, na tangu mwezi wa kwanza 2020 wagonjwa wanaipata. Ni siku 10 za kumeza. Kwa wagonjwa wengi ambao ugonjwa haujawazidi, hata ile sindano ya mugongo ambayo watu wanaikimbia haihitajiki tena.

Dawa hiyo nayo ina madhara, na ni lazima kuyasema wazi. Inaweza kuleta kutapika, kichefuchefu, kichwa kuuma, kizunguzungu, uzaifu na kukosa usingizi. Ni lazima imezwe pamoja na chakula, mbele ya macho ya muuguzi, juu bila chakula haiingii mwilini vya kutosha. Pombe hapana. Mugonjwa aliyeambiwa hayo siku ya kwanza atavumilia siku ya nne. Yule ambaye hakuambiwa kitu ataona anakufa, atatoroka, na ugonjwa utabaki ndani yake.

Sasa ona ugumu wenyewe. Malale inaharibu usingizi na kuumiza kichwa. Feksinidazoli nayo inaweza kufanya vilevile. Alama ni moja, chanzo ni mbili. Munganga atajuaje? Hana uchawi. Anauliza: lilianza lini? Lilikuwako mbele ya dawa, ao limekuja nyuma yake? Linaongezeka kila ukimeza, ao linapungua siku zinavyopita? Kuna kitu kingine unachomeza: dawa ya mizizi, lotoko, ao tramadoli ambayo wengine wanatumia kwa kuvumilia kazi ya shimo? Hapo mutu akificha kwa sababu ya haya, anamupoteza munganga, na yeye mwenyewe anapotea. Tramadoli peke yake inaweza kuleta kizunguzungu, kutapika, hata kifafa.

Na mbele ya yote hayo, kuna kupima. Wachimbaji wanaosafisha muchanga wa zahabu kwenye mito wanakaa pahali panapopendwa na mbung'o, nzi anayeambukiza malale. Mwanzo wa malale ni homa inayokuja na kwenda, kichwa, viungo kuuma, mwili kuwasha, tezi za shingo kuvimba. Ni nani kati yetu hatasema "ni malaria"? Atameza dawa ya malaria mara tatu, mara ine. Miezi inapita, hata miaka. Kisha anaanza kulala muchana, anabadilika tabia, anagombana bila sababu, na jamaa wanasema amerogwa ao amerukwa na akili. Tone la damu la kidole lingeonyesha mapema kama ni malaria ao hapana. Kama si malaria, kuna kipimo kingine cha damu cha kutafuta malale. Ugonjwa huu sasa ni wa watu wachache: tangu 2018 wagonjwa wanaopatikana kila mwaka katika Afrika nzima hawafiki 1000. Kwa hiyo hata wauguzi vijana wanaweza kuusahau. Homa isiyosikia dawa, waulizeni wenyewe: "Na malale, mumepima?"

Kifua nacho ni vilevile. Wale wanaotwanga mawe ya zahabu wanavuta vumbi, na vumbi hilo linaharibu mapafu mpaka mutu anakohoa na kukonda kama mwenye kifua kikuu. Vumbi hilo pia linafungulia mulango kifua kikuu chenyewe. Bila kupima makohozi hakuna anayeweza kuapa ni kipi. Na ukianza dawa za kifua kikuu, za miezi 6, mukojo utakuwa na rangi ya machungwa ao nyekundu. Hiyo si damu. Ni rangi ya rifampisini, haina zarara yoyote. Ni vibaya sana mutu kuacha dawa kwa ajili ya rangi, kisha akaendelea kuambukiza watoto katika nyumba moja. Lakini kama macho yanakuwa ya manjano, hiyo ni habari ingine: rudi siku ileile, juu pengine dawa inaumiza ini.

Basi, kila mutu ana kazi yake.

Mugonjwa na jamaa: shikeni karatasi ao daftari ya mutoto wa shule. Andikeni siku homa ilianza, jina la dawa, siku ya kwanza ya kumeza, alikula nini, na nini ilitokea. Pakiti ya dawa hapana kuitupa. Dawa ikisumbua, rudini kuuliza. Macho ya manjano, ngozi kubabuka, vidonda mudomoni, kushindwa kupumua, kifafa, kuchanganyikiwa: hapo hapana kungoja asubuhi.

Wanganga na wauguzi: dakika mbili za kueleza kwa Kiswahili zinaokoa siku kumi za dawa. Semeni mbele ya mugonjwa kuondoka: hii itakutapisha, hii itabadilisha mukojo, hii ukiona uje mbio. Na mugonjwa akirudi na malalamiko, musimufokee. Andikeni. Karatasi hiyo ikipanda mpaka Kinshasa, ndiyo inaonyesha kama dawa fulani inaumiza watu wengi. Dawa mbaya zinagunduliwa na malalamiko yaliyoandikwa. Zile zinazobaki katika masengenyo ya sokoni hazigunduliwi kamwe.

Watafiti: Kasongo si mugeni kwenu. Tangu miaka ya 1970 ulikuwako hapa Mradi wa Kasongo, pamoja na wanganga wa chuo cha Antwerpen kule Ubelgiji, na matokeo yake yalisomwa dunia nzima. Lakini ni watu wangapi wa hapa waliyasikia kwa lugha yao? Mukija, elezeni mbele ya kuomba sahihi. Semeni wazi kwamba mutu ana haki ya kukataa, na haki ya kutoka katikati, bila kunyimwa matunzo. Kisha mukimaliza murudi. Matokeo ya Tunda, watu wa Tunda ndio wa kwanza wanaostahili kuyasikia, kwa maneno wanayoelewa.

Na ninyi maPDG wa mashimo, na wakubwa wa koperative za Salamabila, Namoya na kwingine: muchimbaji aliye katika siku 10 za dawa asipoteze pahali pake shimoni. Wengi wanaacha vidonge kwa sababu hiyo moja tu, si kwa kizunguzungu. Wanaogopa kurudi na kukuta mutu mwingine ameshika nyundo yao. Kumulindia nafasi ni garama ndogo. Kumuzika ni garama kubwa, na jamaa yake ndiyo inalipa.

Shimoni, hakuna muchimbaji anayechukua kila jiwe linalong'aa akasema ni zahabu. Anapima mbele. Mwili wake na wa mutoto wake una bei kuliko jiwe. Basi aupime vilevile: ni ugonjwa gani, ni dawa gani, na kinachomusumbua leo kimetoka wapi. Jibu liko kwa yule anayeuliza. Anayeacha dawa bila kuuliza anarudi shimoni na ugonjwa uleule aliotoka nao.